Shajara ya mradi: kuikagua draiva ya kipima maji kabla ya kupanda Uru

Jumatatu, 2 Juni 2025, Moshi

Leo tumeanza awamu ya pili ya mradi, ambayo haiongezi uwezo wowote mpya bali ni ya kuukagua msimbo tuliokwisha kuuandika. Sanduku letu litafungwa kwenye mfongo mmoja, yaani mfereji wa kumwagilia, huko Uru kwenye miteremko ya Kilimanjaro, lipime kina cha maji kila baada ya dakika tano na kutoa tahadhari maji yanapokaribia kuvuka ukingo au yanapokauka ghafla. Ndani yake mna bodi ndogo yenye kichakataji cha ARM cha biti 64 na RAM ya gigabaiti moja, inayoendesha Linux 6.6, na kipimaji chenyewe kimeunganishwa kwa waya wa USB. Draiva ya kipimaji hicho, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza nacho, tumeiandika wenyewe kwa lugha ya C, na kwa kuwa draiva hukaa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, makosa yake hayafanani na makosa ya programu ya kawaida. Programu ya kawaida ikikosea huanguka peke yake. Draiva ikikosea inaweza kuangusha mfumo mzima, au, jambo ambalo ni baya zaidi, ikaandika takataka kwenye kumbukumbu ya sehemu nyingine, na sehemu hiyo ikaja kuharibika saa tatu baadaye bila kuacha dalili yoyote ya aliyeiharibu.

Wiki iliyopita tulipokwenda kuangalia mahali pa kufunga sanduku, mzee anayesimamia zamu za maji alitupokea vizuri, tukaamkiana, kisha akatuuliza swali moja tu: «Wanangu, hilo sanduku likinyamaza, nijue maji yametulia au nijue limekufa?» Nilimjibu, «Meku, tutahakikisha halinyamazi ovyo,» lakini njia nzima ya kurudi mjini nilijua kwamba jibu hilo nililitoa kabla sijalifanyia kazi. Kwa hiyo ukaguzi huu nauvalia njuga, na shajara hii naiandika ili kila uamuzi uwe na sababu yake iliyoandikwa.

Zana tulizochagua ni za aina mbili. Aina ya kwanza husoma msimbo bila kuuendesha na kutafuta ndani yake mambo yasiyokubaliana. Aina ya pili huuacha msimbo uendeshwe, huku zikitazama kila unachogusa. Tutaanza na zile za kusoma, kwa sababu hazihitaji bodi wala kipimaji, na umeme ukikatika hatupotezi chochote.

Alhamisi, 5 Juni

Kwanza tumeijenga draiva upya huku tukiitaka kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, itoe maonyo yake yote, yakiwemo yale ambayo kwa kawaida huyanyamazia. Yaliyotokea yalikuwa madogo, tukayamaliza kabla ya saa nne asubuhi.

Kisha tukaingia kwenye Sparse, zana aliyoiandika Linus Torvalds mwaka 2003 mahususi kwa ajili ya kerneli ya Linux. Huitwa kwa kuongeza C=1 kwenye amri ya kujenga ikiwa unataka ikague faili zinazojengwa upya tu, au C=2 ikiwa unataka ikague zote. Tulitumia C=2, nayo haikusema lolote. Mwenzangu wa vifaa alifurahi, lakini mimi sikuridhika, kwa sababu Sparse hufanya kazi kwa kuzifuata alama ambazo mwandishi ameziweka kwenye aina za data, na sisi hatukuwa tumeweka hata moja. Hatukuwa tumeipa kitu cha kulinganisha.

Kipimaji chetu hutuma namba zake kwa mpangilio wa baiti kubwa kwanza, wakati kichakataji chetu husoma baiti ndogo kwanza. Nilikwenda kwenye muundo unaoelezea ujumbe wa kipimaji, nikabadilisha kila sehemu iliyotangazwa kama u16 ya kawaida ikawa __be16, yaani namba ya biti 16 ambayo baiti yake kubwa imetangulia. Msimbo unaotokea haubadiliki hata kidogo. Kilichobadilika ni tamko tu. Tulipoiendesha Sparse mara ya pili ilionyesha mstari mmoja, na mstari huo ndio uliosoma kiwango cha tahadhari.

Naeleza kilichokuwa kinatokea, maana nataka sisi sote tukikumbuke. Kiwango cha tahadhari tulikiweka milimita 300. Kwa hesabu ya msingi wa 16 namba hiyo ni 012C, hivyo kipimaji hutuma baiti 01 kisha 2C. Kwenye njia ya kusoma kina cha maji tulikuwa tumekumbuka kuzigeuza. Kwenye njia ya kusoma kiwango cha tahadhari tulisahau, kwa hiyo draiva ikasoma 2C01, ambayo ni 11,265. Sanduku lingengoja mfongo ufike kina cha zaidi ya mita 11 ndipo litoe tahadhari, na mfongo wenyewe mtoto wa darasa la tatu anauruka. Kina kingeonekana sahihi kila siku, kila mtu angeamini kifaa ni kizima, na usiku wa mvua ukingo ungebomoka ndani ya kihamba (shamba la nyumbani) cha mtu huku sanduku limenyamaza.

Jumatano, 11 Juni

Leo ni zamu ya Smatch, kazi ya Dan Carpenter, ambayo imejengwa juu ya Sparse lakini huenda mbali zaidi: huufuata mtiririko wa msimbo tawi kwa tawi, ikikumbuka thamani ambazo kigeuzi kinaweza kuwa nazo katika kila tawi, na ikikumbuka pia makufuli yaliyofungwa na yale yaliyofunguliwa (kufuli huzuia sehemu mbili za msimbo zisiguse data moja kwa wakati mmoja).

Ilitupa maonyo 14. Tumeyasoma yote kwa pamoja, tukiwa watatu mezani, na tukakubaliana kwamba hakuna onyo litakalofutwa bila sentensi kamili inayoeleza kwa nini si la kweli. Kazi hiyo ilituchukua siku nzima na sioni kama tulipoteza muda. Zana ya namna hii haiwezi kuwa kamili kwa asili yake. Mwanahisabati Rice alithibitisha mwaka 1953 kwamba hakuna njia ya jumla ya kukata shauri, kwa kila programu, kuhusu tabia yoyote ya maana ya uendeshwaji wake. Kwa hiyo kila zana ya kusoma lazima ichague, ama ilalamike pasipo na kosa, ama iache makosa mengine yapite. Smatch hufanya yote mawili kwa kiasi. Kijana mmoja wetu aliuliza kama hatuwezi kuithibitisha draiva yote kihisabati, na hilo ni swali zuri, kwa kuwa limewahi kufanyika: watafiti wa Australia walikamilisha mwaka 2009 uthibitisho wa kerneli ndogo ya seL4, mistari kama 8,700 ya C, lakini kazi hiyo ilikula takriban miaka 20 ya kazi ya mtu mmoja. Sisi tuna wiki sita.

Kati ya yale 14, matatu yalikuwa ya kweli. Mawili ni madogo. La tatu lilisema kwamba shughuli yetu ya kusoma mipangilio hurudi ikiwa na hali tofauti za kufuli: kwenye tawi moja kufuli limefunguliwa, kwenye tawi jingine bado limefungwa. Tulipoufungua msimbo tuliona mara moja. Shughuli inafunga kufuli, inaomba baiti 64 za kumbukumbu, na ikinyimwa inarudisha kosa na kuondoka, huku kufuli likiachwa limefungwa. Yeyote atakayekuja baadaye kuliomba kufuli hilo atasubiri milele.

Kosa hili tusingelipata kwa majaribio ya kawaida hata tungekaa mwaka mzima, kwa sababu ombi dogo namna hiyo ndani ya Linux karibu halikataliwi kamwe, hata kumbukumbu ikiwa imebana. Ili tulishuhudie kwa macho tulitumia uwezo wa kerneli wa kupandikiza hitilafu kwa makusudi, ambao huyafanya maombi ya kumbukumbu yakataliwe kwa kiwango unachotaka. Ombi la kwanza lilikataliwa, msomaji wa pili akakwama, na baada ya sekunde 120 na zaidi kidogo kerneli yenyewe ikaandika kwamba kuna kazi iliyozuiwa kwa muda huo. Tuliongeza mstari mmoja wa kufungua kufuli. Onyo namba 9, linalohusu namba inayoweza kuvuka mpaka wa bafa (nafasi ya kumbukumbu ya kupokelea data), hatujakubaliana bado kama ni la kweli, limeachwa wazi.

Jumanne, 17 Juni

Tumejenga kerneli ya majaribio yenye KASAN, zana inayokamata ugusaji haramu wa kumbukumbu, iliyoingia rasmi kwenye Linux 4.0 mwaka 2015. Kila baiti nane za kumbukumbu huwekewa baiti moja ya kivuli inayoeleza kama baiti hizo nane zinaruhusiwa kuguswa, na kompaila hupachika ukaguzi wa kivuli hicho kabla ya kila usomaji na kila uandishi. Gharama yake inaonekana: moja ya nane ya RAM hutengwa, kwa bodi yetu ni megabaiti 128, na mfumo mzima huzorota. Kwa sababu hiyo majaribio mengi tunayafanya kwenye mashine pepe ndani ya kompyuta ya ofisini, tukitumia kifaa cha USB cha kuigiza badala ya kipimaji cha kweli, ili tuweze kukichomeka na kukichomoa kwa programu bila kuchosha waya.

Tumechomeka na kuchomoa mara 600. Hakuna kitu.

Ijumaa, 20 Juni

Siku hii nitaieleza kwa kirefu.

Tulikuwa tunakaribia kuandika kwamba draiva imepita, ndipo binti aliye nasi kwa mafunzo ya vitendo, ambaye alikuwa akisoma programu ya majaribio kwa utulivu tangu asubuhi, aliponiita: «Kaka, samahani. Sisi tunachomoa kila mara kwenye sekunde ya pili, lakini ile kazi ya kusoma kina inaamka kwenye sekunde ya tano. Hazijawahi kukutana.» Alikuwa sahihi kabisa. Kwenye majaribio tulikuwa tumefupisha dakika tano ziwe sekunde tano, na programu yetu ya kuchomoa ilikuwa na nidhamu kupita kiasi: mara 600 ilirudia jambo lilelile kwa wakati uleule. Zana ya kutazama msimbo ukiendeshwa haiwezi kuona njia ambayo hukuipitia, na mara 600 za njia moja ni njia moja.

Alibadilisha programu ili ichomoe kwa nasibu kati ya sekunde 4.9 na sekunde 5.1. Kwenye mara ya 37 KASAN ililipuka kwa taarifa iliyojaza skrini: kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa inaandikwa, ukubwa wa baiti mbili.

Uzuri wa taarifa ya KASAN ni kwamba haikuambii tu pale ulipoanguka. Inatoa milolongo mitatu ya miito: nani ameigusa kumbukumbu hiyo sasa, nani aliiomba mwanzoni, na nani aliirudisha. Chini yake kuna safu za baiti za kivuli, na pale mshale ulipoelekeza palikuwa na fb, fb, fb, alama ya eneo lililorudishwa, likizungukwa na fc, alama ya ukanda wa ulinzi unaowekwa pembeni ya kila kipande. Aidha, KASAN huiweka karantini kumbukumbu iliyorudishwa ili isigawiwe upesi kwa mwingine, na bila hilo pengine baiti zetu mbili zingeangukia kwenye kitu kipya kilicho hai, na tusingejua lolote.

Milolongo ile mitatu ilitusimulia kisa chote. Kifaa kinapochomolewa, draiva huighairi kazi iliyoahirishwa ya kusoma kina, kisha hurudisha kumbukumbu. Sisi tulikuwa tumeita cancel_delayed_work, ambayo huiondoa kazi kwenye foleni ikiwa bado inangoja, lakini ikiwa kazi imekwisha kuanza, haiisubiri imalize. Kwa hiyo kazi iliendelea upande mmoja huku upande wa pili ukiirudisha kumbukumbu yake, na ilipofika kwenye kuandika kina cha maji, nyumba ilikuwa imekwisha kubomolewa. Dawa ni kuita cancel_delayed_work_sync, ambayo husubiri. Marekebisho yote ni herufi nne na kistari.

Nilirudi kwenye matokeo ya Smatch kutafuta kama ilidokeza chochote. Haikudokeza, na siilaumu: anayerudisha na anayeandika ni shughuli mbili zisizoitana, zinazounganishwa na wakati peke yake.

Tumeacha majaribio ya nasibu yaendelee usiku. Umeme ulikatika saa saba usiku, lakini taarifa za majaribio kwenye mashine pepe zilikuwa zimehifadhiwa hadi hapo na zilikuwa safi. Jumamosi tulirudia kwa betri.

Alhamisi, 26 Juni

Kosa la Ijumaa lilinikaa kichwani. Tumelikamata kwa kuendesha, kwa bahati ya jicho la mtu mmoja, na hakuna kinachomzuia yeyote kati yetu kuliandika tena mwezi ujao. Nimeamua kwamba kila kosa litakalokamatwa kwa kuendesha tuligeuze kuwa kanuni ya zana ya kusoma, kila inapowezekana.

Kwa kazi hii tumechukua Coccinelle, iliyotoka kwa watafiti akiwemo Julia Lawall. Jina la zana hiyo kwa Kifaransa ni la yule mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi anayekula wadudu wengine, na kwa zana inayowinda makosa jina hilo linafaa sana. Badala ya kutafuta maneno kama ufanyavyo kwa kitafutaji cha kawaida, unaiandikia umbo la msimbo kwa mfano wa kiraka (faili ya mabadiliko ya msimbo), na yenyewe hulitambua umbo hilo hata kama majina ya vigeuzi ni mengine na kati ya mistari yako kuna mistari mingine. Kanuni yetu ina mistari 12: mahali popote kazi inapoghairiwa bila kusubiri, na baadaye ndani ya shughuli hiyohiyo muundo unaoibeba kazi ukarudishwa, toa taarifa.

Tuliielekeza kwenye msimbo wetu wote, nayo ikapata pahali pa pili: draiva ya kusoma hali ya betri ya sola, ambayo hatukuwa tumepanga hata kuikagua. Sasa kanuni hiyo huendeshwa kila mtu anapopeleka kiraka, kabla ya mtu mwingine kukisoma.

Alhamisi, 3 Julai

Wiki ya makufuli na nyuzi (kazi zinazoendeshwa sambamba), na ya baridi kali mjini.

Kikagua-makufuli cha kerneli, lockdep, kazi ya Ingo Molnar ya mwaka 2006, ni zana ya kuendesha lakini ina sifa moja inayoisogeza karibu na zana za kusoma: haisubiri mkwamo utokee. Hujifunza mpangilio ambao makufuli hufungwa na hali ambazo hufungiwa, kisha hutangaza kwamba mkwamo unawezekana hata kama siku hiyo haukutokea. Ilitukamata mara moja, kwa kufuli tulilolifunga sehemu moja bila kuzuia vikatizo (ishara zinazokatiza kazi inayoendelea), wakati lilelile hufungwa pia ndani ya kikatizo. Tumerekebisha.

Kmemleak, inayotafuta kumbukumbu iliyoombwa bila kurudishwa, ilionyesha baiti 64 zinazopotea kila programu inapofungua na kufunga kifaa. Tumerekebisha.

KCSAN, iliyoingia kwenye Linux 5.8, hutafuta data inayoguswa na nyuzi mbili kwa wakati mmoja bila mpangilio. Haiwezi kuwashwa pamoja na KASAN, kwa hiyo tumejenga kerneli ya pili. Ilionyesha kwamba kipimo cha mwisho kinasomwa na programu bila kufuli huku draiva ikikiandika. Hapa palikuwa na mjadala. Njia nyepesi ni kuutia usomaji na uandishi ndani ya READ_ONCE na WRITE_ONCE, amri zinazoitaka kompaila isome au iandike thamani mara moja tu, na KCSAN itanyamaza. Nimekataa. Kipimo chetu ni vitu viwili, kina na saa kilipopimwa, na kila kimoja kikisomwa salama peke yake bado mtu anaweza kupata kina cha sasa chenye saa ya dakika tano zilizopita. Katika ugomvi wa zamu za maji tofauti hiyo ni kubwa. Tumetumia kufuli, vitu vyote viwili husomwa pamoja, na KCSAN imenyamaza kwa sababu ya kweli.

Jumatano, 9 Julai

Kerneli itakayopanda Uru haitakuwa na KASAN, maana bodi haiimudu. Tumeiwekea KFENCE, ambayo badala ya kulinda kila kipande cha kumbukumbu hulinda vichache kwa sampuli: kwa mipangilio ya kawaida huchukua kipande kimoja kila milisekunde 100, huhifadhi vipande 255, na hutumia megabaiti mbili tu. Siku moja haitaona mengi, ila sanduku linalokaa miezi mfululizo huipa nafasi nyingi.

Kuhusu swali la mzee, tumeongeza ujumbe mfupi wa kila saa unaosema sanduku liko hai, na ujumbe huo hutumwa tu ikiwa draiva imefaulu kusoma kipimaji ndani ya saa hiyo. Ukikosekana, simu ya mzee na yangu hupata taarifa kutoka upande wa mjini.

Jumanne, 15 Julai

Sanduku limefungwa Ijumaa asubuhi. Tulimwaga maji kwenye kipande cha bomba kilichofungwa chini ya kipimaji hadi kina kikapita milimita 300, na tahadhari ikafika kwenye simu ya mzee akiwa amesimama pembeni yetu. Akasoma, akatuuliza ingechukua muda gani kama mvua ingekuwa ya kweli, nasi tukamwambia si zaidi ya dakika tano, kwa kuwa ndiyo nafasi kati ya kipimo na kipimo. Amesema ni nyingi. Tutaipunguza iwe dakika moja maji yakishavuka milimita 200, na badiliko hilo litapita kwenye zana zote upya kabla ya kupandishwa.

KFENCE haijaripoti kitu kwa siku nne. Mjini tumeianzisha syzkaller, inayobuni yenyewe miito ya kuijaribu draiva na kufuata njia mpya inazozifikia. Binti wa mafunzo ndiye anayeiandikia maelezo ya kifaa chetu. Onyo namba 9 la Smatch bado liko wazi. Nimemwomba mwenzangu wa vifaa anithibitishie kesho ni urefu gani mkubwa kabisa ambao kipimaji kinaweza kuutuma, kwa sababu jibu la onyo hilo liko kwenye kipimaji, halimo kwenye msimbo wetu.